Simu ya spika kubwa sio simu ya asiyeskia vizuri

Madukani Digo Road hapa Mombasa hutakosa kuskia muuzaji amwambia mteja, chukua hii mama, ya wazee hii, spika yake yaskika mpaka Likoni. Na watu wanunua.

Haya tuelewane. Simu ya mtu asiyeskia vizuri ni ile inayomfikishia maneno akayaelewa, kwa sikio tupu au kupitia mashine ya sikio. Maana yake ndo hiyo, imeisha. Ile spika ya nyuma hata haihusiki sana, mtu akiweka simu sikioni anatumia kile kispika kidogo cha juu na hicho hakuna anayekijaribu dukani.

Linaloniudhi ni kuchanganya sauti kubwa na sauti safi. Usikivu wa uzeeni huanza kupotea kwenye sauti nyembamba za juu. Irabu ziko chini na zina nguvu, hizo zabaki, zinazotoroka ni s, f, t, sh na wenzao, na hao ndo wabeba maana. Chukua sita na tisa, ukitoa s na t yote mawili yabaki i-a. Sasa mpigie nyanya umwambie nimekutumia mia sita, ataskia kabisa kwamba umetaja pesa, ila ngapi? Fika, pika, shika, ni yaleyale. Ndo maana wazee husema "nakuskia lakini sikuelewi" na sisi twadhani wanatuzungusha. Ukipandisha volumu waongeza zaidi zile irabu alizokuwa akizipata tangu mwanzo, na tena sikio likishaharibika mara nyingi huwa halipati sauti ndogo halafu ikipanda kidogo tu inaliumiza, kwa hivyo wewe wapiga makelele naye auliza mbona wanifokea.

Laini yenyewe pia haisaidii. Simu ya kawaida tangu zamani hupitisha sauti za kati ya hertz 300 na 3400 hivi (hertz ndo kipimo cha wembamba wa sauti, nambari ikipanda sauti yawa nyembamba zaidi), na sehemu kubwa ya s iko juu ya hapo. Kwa 4G, zile simu zenye VoLTE, yaani zinazopiga kupitia 4G yenyewe, yaweza kufika kama 7000 mradi pande zote mbili ziwe nayo, na hata kupiga kwa WhatsApp mara nyingi huskika safi zaidi bundles zikiwepo. Kwa hivyo kabambe, ile simu ya vibonyezo, yenye makelele yaweza kushindwa na simu ya tachi ya sauti ya wastani tu.

Mwenye mashine ya sikio naye ana lake. Ushaskia redio inavyofanya drrr drrr kabla simu haijaita? Ni mawimbi ya GSM, ule mtandao wa simu wa 2G, mapigo kama 217 kwa sekunde, na mashine yaweza kuyanasa vilevile, yakamlilia ndani ya sikio. Marekani walitunga sheria ya simu kukubaliana na mashine hizi 1988, simu za mkononi zikaingizwa 2003, ndo zikaja alama za M na T. M yahusu mashine inaposkia kwa maikrofoni yake. T ni inapotumia koili, kijiwaya kilichozungushwa ndani kinachonasa sumaku ya kispika cha simu moja kwa moja, kwa hivyo makelele ya matatu za Mwembe Tayari yabaki nje. Kwenye simu zenye alama hizo kuanzia 3 ni sawa, 4 bora zaidi, ila simu mpya za huko tangu mwisho wa 2023 hazipimwi tena kwa M na T. Ila uliza kwanza kama mashine yake ina koili, ndogo ndogo nyingi hazina.

Ukienda kumnunulia mtu basi nenda naye, na mashine yake awe ameivaa. Wewe toka nje barabarani umpigie, umtajie nambari zenye sita na tisa nyingi, bila kupaza sauti. Simu ambayo kwayo atazirudia nambari hizo sawasawa, hiyo ndo simu ya asiyeskia vizuri. Ile nyingine tuiite tu simu ya spika kubwa, nayo ina wateja wake.