Mafunzo ya kuwashauri watenda ukatili wa nyumbani ni nini?

Ni mafunzo yanayomwandaa mshauri nasaha, mwanasaikolojia au ofisa ustawi wa jamii kufanya kazi na mtu anayempiga, kumtisha au kumtawala mwenzi wake, ili aache.

Aliyekwisha kusomea ushauri hurudi darasani kwa sababu baadhi ya taratibu alizozizoea zinaweza kumuumiza mtu ambaye hayupo chumbani. Amezoea kutunza siri. Hapa humweleza mteja tangu siku ya kwanza kwamba tishio dhidi ya mke au watoto halitafichwa. Amezoea kuwakalisha wanandoa pamoja. Lakini mke akisema ukweli mbele ya mumewe, jioni analala naye nyumba moja.

Kazi ngumu zaidi ni kusikiliza. Mteja anasema: "Alinichokoza, nikamzaba kofi moja tu." Mshauri asiyeandaliwa humpa pole na kumfundisha kuzuia hasira. Aliyeandaliwa huuliza bila kumdhalilisha: ulifanya nini kabla ya kofi? Mlango ulikuwa wazi? Watoto walikuwa wapi? Bosi wako akikuudhi, naye unamzaba? Swali hilo la mwisho hufichua mengi, maana wengi wa watu hawa hujizuia vizuri sana kazini.

Ndiyo maana somo la hasira peke yake halitoshi. Mpango wa kushughulikia watenda ukatili wa mji wa Duluth, Marekani, ulioanza miaka ya 1980, ulichora gurudumu la mamlaka na udhibiti, yaani mchoro wa mbinu za kumtawala mwenzi, kutokana na simulizi za wanawake waliopigwa. Linaonyesha kwamba kipigo huandamana na kunyimwa fedha, kutengwa na ndugu na kutishwa kwa kutumia watoto. Wengine wameukosoa mpango huo, ila somo hilo nadhani bado lina nguvu.

Mkataba wa Istanbul wa Baraza la Ulaya, wa mwaka 2011, unaohusu kuzuia ukatili dhidi ya wanawake na ukatili wa nyumbani, unataka programu za watenda ukatili zitangulize usalama na haki za waathirika. Kwa hiyo maendeleo ya mteja hayapimwi kwa maneno yake tu; mhudumu mwingine huzungumza na mwenzi wake kando, kama mwenzi huyo ameridhia.

Mwanafunzi hufundishwa pia dalili za hatari. Mwanamke aliyewahi kukabwa koo, au anayejiandaa kuondoka, anaweza kuuawa. Mshauri akisikia hayo, somo la siku hiyo husimama na mpango wa kumlinda huanza.