Ngoma haiamshi kifafa

Huku Mwanza bado unakuta mtoto mwenye kifafa, bugobogobo, ile ngoma ya Wasukuma, ikianza tu kule Kisesa anaambiwa rudi ndani, eti mdundo unaamsha ugonjwa, na kwaya nayo wanamtoa. Jamani hapana. Kifafa ni umeme wa ubongo, seli nyingi zinafyatuka kwa pamoja ghafla, sio mashetani yanayoitikia ngoma.

Ni kweli ipo aina ambayo muziki wenyewe unamwangusha mtu, daktari Mwingereza Macdonald Critchley aliielezea 1937, ila ni adimu mno, inakadiriwa mtu 1 kati ya milioni 10, na mara nyingi inaanzia pembeni ya ubongo usawa wa sikio, panaposhughulika na sauti na hisia. Wengine wenye kifafa wanapiga muziki kama kawaida, mwanamuziki wa roki Neil Young ana kifafa tangu ujanani na gitaa hajaliacha.

Kitu ambacho watu hawaambiwi ni dawa. Kabamazepini, hii hii dawa ya kawaida ya kifafa, kuna wachache inawafanya wasikie sauti imeshuka kama nusu toni hivi, mpiga kinanda anadhani kinanda kimeharibika kumbe ni dozi. Ikitokea mwambie daktari, usiache vidonge mwenyewe, maana kuacha ghafla ndio kunaangusha watu vibaya. Kukosa usingizi pia, kwahiyo kwenye ngoma ya kukesha shida ni ule mkesha.

Na mkitaka kumkataza kitu, mkatazeni kuogelea ziwani peke yake, kwaya muacheni aimbe.