"Si mtafsiri tu majina ya miti?"

Kila nikizungumzia lugha za wenyeji zinazokaribia kufa, hakosi mtu wa kuniambia: tuandike majina ya mimea na kazi zake kwa lugha kubwa, kisha lugha yenyewe ijiendee. Nimechoka, hasa kwa sababu wasemao hivyo mara nyingi ndio wanaopanga miradi ya kurekodi lugha hizo.

Dhana: maarifa yakishatafsiriwa, lugha ina kazi gani tena?

Utafiti wa mwaka 2021 ulipitia matumizi ya mimea ya dawa Amerika ya Kaskazini, kaskazini-magharibi mwa Amazonia na Guinea Mpya. Zaidi ya asilimia 75 ya matumizi hayo yalijulikana katika lugha moja tu. Hiyo ikinyamaza, hakuna jirani wa kumwuliza.

Na orodha hubeba kidogo mno. Mfikirie yule ndege anayewaongoza watu kwenye asali ya porini. Wahadza wa Tanzania humwita kwa mluzi. Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita kwa mtetemo wa ulimi unaomalizikia kwenye mguno. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 yalionyesha kwamba ndege wa kwa Wahadza huitikia mluzi ule zaidi ya mara tatu kuliko sauti ya Kiyao, na kule Niassa huitikia zaidi ya Kiyao. Miito hii haimo katika kamusi, lakini hurithiwa kama maneno: mtoto akiwa nyuma ya mkubwa, njiani. Kijana asipourithi, atamwitaje ndege aliyezoea sauti ya babu zake?

Kwa hiyo nawasihi: msimhoji mzee mezani. Mezani atautaja mti kwa jina tu, basi. Mpelekeni porini pamoja na wajukuu, na mrekodi anavyowakanya, anavyowatuma, anavyobishana nao kuhusu gome la kubandua.

Dhana: lugha ya nyumbani humchelewesha mtoto shuleni. Hapana. Mtoto humudu lugha mbili au tatu bila shida, na husoma vizuri zaidi akianza na ile anayoielewa.

Dhana: ikishakufa haifufuki. Kiwampanoag, lugha ya wenyeji wa asili wa Marekani, kilikosa wazungumzaji kwa zaidi ya miaka 100. Miaka ya 1990 wenyewe walianza kukirudisha kutoka kwenye maandishi ya kale, na sasa kuna watoto wanaokizungumza. Waliponzwa na kukosa wazee, si kukosa nia. Sisi bado tunao wazee.