Wasifu wa wafanyakazi si kazi ya Januari

"Dada yangu, wasifu wa watu wetu si tuliumaliza Januari? Sasa mbona mgeni anamuulizia mtu hayupo?"

Hiyo ni sauti ya WhatsApp, dakika nne, kutoka kwa meneja wa hoteli moja hapa Malindi ninayoitunzia tovuti. Kazi hii naifanya tangu 2016, na hiyo Januari, kwamba wasifu hukaguliwa mara moja kwa mwaka, mwezi huo, nimeisikia kwa wenye hoteli, kwa wenye boti, hata kwa ofisi ya wakili. Wameiokota wapi, sijui. Labda kwa kuwa mwezi huo ndio kalenda mpya hutundikwa ukutani, basi na tovuti nayo ioshwe uso.

Haya, tuhesabu miezi ya hapa kwetu. Januari ni kaskazi, vyumba vimejaa, Waitaliano wako ufukweni, wafanyakazi wote wako kazini. Unapiga picha, unaandika wasifu, kila mtu anacheka. Pasaka ikishapita masika inaingia, kusi inavuma, bahari inachafuka. Hoteli nyingi zinafunga, au zinabaki na askari na mtunza bustani. Watu wanaambiwa nendeni nyumbani mtaitwa, na wengine wakiitwa hawaji: huyu kapata kazi Watamu, yule kaenda Doha, mwingine kafungua duka la simu. Julai milango inafunguliwa, watu ni wengine, na tovuti bado ina nyuso za Januari. Yaani katika miezi yote kumi na miwili mmechagua ule ambao orodha haina shida, ndio mkaukagua! Ikiwa ni lazima iwe mara moja kwa mwaka, basi iwe Julai.

Lakini mimi sitaki mwezi, namtaka mhasibu. Kila mwezi, kabla ya tarehe 9 kupita, anapeleka KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, hesabu ya PAYE, kodi inayokatwa kwenye mishahara, ya mwezi uliotangulia, na pale hakuna kupamba: aliyetoka katoka. Namwomba akimaliza anitumie ujumbe wa mstari mmoja, nani kaingia, nani katoka, nani kabadilishiwa cheo. Mishahara ya watu sitaki hata kuiona. Nina wahasibu watatu ninaokwenda nao hivi na hawajanikosea. Mameneja tuwaache. Vibarua hawamo katika orodha hiyo, najua, na nahodha mara nyingi ni kibarua ilhali ndiye mgeni anayemtaka kwa jina. Hapo dawa yangu ni miguu: nateremka ufukweni, nauliza.

Mambo ya ufundi nitayapita mbio. Ukifuta ukurasa wa mtu kwenye WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, picha yake haijafutika. Inabaki katika maktaba ya picha na mwenye anwani yake ataifungua. Kama alikuwa na akaunti ya kuandikia makala, ukimfuta utaulizwa makala zake zifutwe au ziwe za mtu mwingine. Soma kwanza, ndipo ubonyeze. Na wasifu wa Kiingereza na wa Kiitaliano ni kurasa mbili, si moja. Nimewahi kukuta mtu ambaye kwa Kiingereza ni mpishi mkuu, kwa Kiitaliano bado anaosha vyombo.

Sasa niseme linaloniudhi hasa. "Ana uzoefu wa miaka 10 katika kupiga mbizi." Kumi kuanzia lini? Sentensi hiyo ilianza kuoza siku ilipopandishwa, na hakuna meneja wala fundi atakayeikumbuka mwakani. Andika "anapiga mbizi tangu 2007", basi ulale. Ndiyo maana hapo juu nimesema tangu 2016, sikusema miaka mingapi. Jamaa zake sentensi hiyo ni wengi: "kijana wetu mpya", ambaye siku hizi ana mvi, "amehitimu hivi karibuni", "ana umri wa miaka 28", "baba wa watoto wawili wadogo", na mmoja wa watoto hao ndiye aliyenipokea mapokezini wiki iliyopita, amevaa sare.

Meneja ataniambia "miaka 10" inamvutia mgeni kuliko "tangu 2007". Huenda ni kweli. Mgeni anapenda hesabu iliyokwisha kupigwa. Nikajaribu kuwapatanisha: nikaweka kijimsimbo, kijiprogramu kidogo ndani ya ukurasa, kinachojihesabia miaka chenyewe. Kikafanya kazi vizuri mno. Kikaendelea kumwongezea miaka ya kupiga mbizi mtu aliyeacha kuzama zamani kwa sababu ya masikio, akahamia kuuza tiketi. Nimekiondoa.

Kuna wasifu pungufu na kuna wasifu wa uongo, na watu wanavichanganya hivi viwili. Chukua mwongoza watalii aliyefaulu mtihani wa KPSGA, chama cha waongoza watalii cha Kenya, wa daraja la shaba. Ukiandika "ana daraja la shaba", siku akipata la fedha tovuti yako inamshusha cheo mbele ya wageni. Ukiandika "alipata daraja la shaba 2018", akipanda utakuwa umepungukiwa, lakini hujasema uongo. Pungufu navumilia. Wasifu wote utapungukiwa tu, kwani watu wanaishi.

La sheria ni fupi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kudai taarifa zake za uongo au za kupotosha zirekebishwe au zifutwe. Nimewahi kujibiwa, "Lakini ile picha tuliilipia sisi." Mpiga picha mlimlipa, ndiyo. Uso si wenu.

Kanuni yangu basi ni kwamba aliyetoka kwenye orodha ya mishahara anatoka kwenye tovuti, wiki hiyo hiyo. Mara moja imenishinda. Kulikuwa na nahodha mmoja, mzee, aliyepeleka wageni kwenye hifadhi ya bahari kwa boti ya kioo. Wasifu wake ulisema "anaijua miamba yote, hata maji yakiwa machafu". Akafariki. Meneja akaniambia nimtoe kabla ya jioni. Kabla sijafungua kompyuta, binti yake akanipigia: "Dada, tafadhali, usimtoe baba." Wajukuu humfungua pale wakamwangalia.

Nikakaa na ile "anaijua". Nikiandika "aliijua" nimemzika mara ya pili. Nikiiacha, kuna mgeni huko Milano anamwekea nafasi marehemu. Na kweli mmoja alishaweka, kwa Agosti, na kutaka akae mbele kabisa. Nikamuuliza binti. Akasema niandike marehemu mbele ya jina, mengine niyaache yalivyo.

Kwa hiyo ukurasa upo. Marehemu Nahodha fulani, anaijua miamba yote. Sarufi yake imepinda na kanuni yangu imevunjika, na sina hakika nilifanya sawa. Kitufe cha kuweka nafasi nimekitoa.