Mfuko wa wakfu: mbona chuo tajiri bado kinatoza karo?

Wiki ya kuripoti wanafunzi wapya, mama mmoja muuza mchele kutoka Ahero alifika kwenye dirisha la ofisi yetu ya fedha hapa Kisumu, slipu ya benki ameifunga kwenye pembe ya leso. Akiwa anangoja risiti akaniuliza: "Mwanangu, nimesikia redioni kuna chuo Marekani kina pesa kushinda serikali yetu. Mbona huko nako watu wanalipa karo?"

Alimaanisha Harvard, na hakukosea. Mwaka 2024 mfuko wake wa wakfu ulipita dola bilioni 53. Bajeti ya Kenya ya mwaka mzima haifiki hapo. Ila wakfu ni mali iliyofungwa. Waislamu wa mjini wanajua: nyumba ikishawekwa wakfu, kodi yake hutunza msikiti, nyumba yenyewe haiuzwi. Harvard hutoa takriban asilimia 5 kwa mwaka, tena sehemu kubwa ina masharti ya waliochanga. Pesa ya maktaba haimlipii mtu karo. Kwa hiyo karo inayotangazwa iko juu, na wasiojiweza hupunguziwa. Tangu 2025, familia yenye mapato yasiyozidi dola 200,000 kwa mwaka haitozwi karo kabisa.

Nikamfanyia hesabu ya kwetu Kenya. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyedhaminiwa na serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka. Kumlipia mmoja kiasi hicho mwaka nenda mwaka rudi, ukichota asilimia 5 tu, lazima ufungie shilingi 320,000. Wanafunzi mia, milioni 32. Mbona 5 tu, na bondi za serikali, yaani pesa unazoikopesha serikali kwa riba, zimewahi kulipa zaidi ya 10? Kwa sababu bei hupanda. Usiporudisha faida iliyobaki mfukoni, baada ya miaka kumi zile 320,000 hazitamfaa mtu.

Sisi tumezoea harambee. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, kilichipuka kutoka WECO, chuo kilichoanzishwa kwa michango ya wananchi miaka ya 1970. Lakini pesa ya harambee huisha fundi akishalipwa. Na mchangaji, nisiwafiche, hupenda jina lake liandikwe ukutani. Bondi haina ukuta.

"Laki tatu na ishirini," mama akarudia, akiikunja risiti. "Kwetu hizo huliwa kwenye matanga moja."