Tumependana, Tunasubiri Nini? Dhana Potofu Kuhusu Mapenzi ya Ujana

Dhana: Mapenzi ya ujana hufa kwa sababu hayakuwa ya kweli.

Wazazi wengi husema hivyo, na huwaumiza watoto wao bure. Binti wa miaka 19 anayekosa usingizi kwa ajili ya mtu, anapenda kweli. Alichokosa ni uzoefu: hajawahi kugombana na mpenzi wake na kesho yake wakapatana, kwa hiyo ugomvi wa kwanza anauona ndio mwisho. Tena sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ile inayotuzuia tusitende kwa hasira, huendelea kukomaa hadi mtu anapokaribia miaka 25.

Dhana: Tukikaa pamoja miezi sita, tayari ni mke na mume.

Hii imewaponza wengi hapa Tanzania. Huanza hivi: binti kachelewa kurudi, baba kafoka. Usiku huo huo anafungasha begi na ndoo yake ya plastiki, anahamia geto kwa mwenzake, chumba kimoja chenye godoro sakafuni na mtungi mdogo wa gesi. Hakuna mshenga, hakuna posa. Wiki ya kwanza ni fungate. Mwezi wa tatu kodi inaisha, na ndipo wanapogundua kwamba hawajawahi kuzungumza habari za pesa hata siku moja.

Hiyo miezi sita haimo katika sheria. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinataja miaka miwili au zaidi, tena muwe mmejulikana kwa watu kama mume na mke. Hata hapo, mahakama huchukulia tu kwamba mmeoana. Mwenzako akileta ushahidi wa kutosha kupinga, umebaki na begi lako. Wanaotaka kufunga ndoa hutakiwa kutoa taarifa siku 21 kabla. Naipenda sana kanuni hiyo. Siku 21 zinatosha hasira ya baba kupoa, na ya binti pia.

Dhana: Tumekubaliana wenyewe, sheria haituhusu.

Inawahusu. Kijana wa miaka 21 akilala na mwanafunzi wa miaka 16 Tanzania, amebaka kisheria, hata kama binti alikubali kwa moyo wake wote. Kifungo chake kinaanzia miaka 30. Kenya nako kuna Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, na ridhaa ya aliye chini ya miaka 18 haihesabiki. Wapo vijana waliodhani wanapendana tu, wakajikuta kizimbani.

Dhana: Wivu ndio kipimo cha mapenzi.

Wivu hupima hofu. Anayekudai neno la siri la simu yako anaogopa, na hofu hiyo haiponi kwa kupekua.

Dhana: Jambo likikuuma, limalize usiku huo huo.

Saa nane usiku. Tiki mbili za bluu, jibu hakuna. Binti anaamua waachane, anambloku, anafuta namba, anaweka status ya kumsema. Kijana alikuwa ameufungua ule ujumbe akiwa hoi kwa uchovu wa kazi, akasinzia simu mkononi. Asubuhi anaamka, hajui lolote, anamwandikia "umeamkaje mpenzi."

Inabaki tiki moja.