Bahari ilivyopanda na kushuka, na pwani ilivyochongeka

Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani kusini-mashariki mwa Unguja, wataalamu wa mambo ya kale wamefukua mifupa ya punda milia na nyati. Wanyama hao hawakuvushwa kwa jahazi. Walifika kwa miguu, kwa sababu wakati huo Unguja ilikuwa sehemu ya bara.

Kama miaka 20,000 iliyopita, barafu nene ilifunika sehemu kubwa ya nchi za kaskazini ya dunia. Maji yaliyoganda huko yalitoka baharini, na usawa wa bahari ukashuka takriban mita 120 chini ya ulipo leo. Mkondo wa Unguja, yaani bahari iliyo kati ya kisiwa na bara, ambao kina chake sehemu kubwa ni kati ya mita 30 na 50, ukabaki mkavu. Pemba ni habari nyingine: mkondo wake una kina cha mamia ya mita na haukukauka. Kutengwa huko kwa muda mrefu ndiko kulikozaa viumbe kama popo wa Pemba, asiyepatikana kwingine popote.

Bahari ikishuka, mto nao huchimba bonde lake kuifuata chini. Barafu ilipoyeyuka, hasa kati ya miaka 15,000 na 7,000 iliyopita, maji yalipanda kwa wastani wa zaidi ya sentimita 1 kwa mwaka na kuyafurika mabonde hayo. Kilindini, Tudor, Mtwapa, Kilifi, Lindi, Mtwara na bandari ya Dar es Salaam, inayopokea mito ya Mzinga na Kizinga, yote ni mabonde ya mito yaliyozama. Mbele ya mengi kuna mlango kwenye mwamba, kwa kuwa matumbawe hayastawi penye tope na maji ya mto yasiyo na chumvi. Bandari zetu kubwa zimekaa hapo kwa sababu hiyo.

Ushahidi wa bahari iliyokuwa juu zaidi ya leo tunaukanyaga kila siku. Kama miaka 125,000 iliyopita maji yalikuwa mita 6 hadi 9 juu ya usawa wa sasa, na matumbawe yakajenga miamba iliyobaki nchi kavu maji yaliposhuka. Ndiyo jiwe lililobeba Fort Jesus ya Mombasa, ndiyo maweni ya Unguja, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe. Nenda kwenye jabali kama hilo maji yakiwa yamekupwa, utaona limeliwa chini kwa mlalo, juu limebaki limening'inia kama kibaraza. Mawimbi ni mlaji mmoja tu. Chokaa huyeyushwa na maji, konokono na viumbe wengine hukwangua mwani pamoja na chembe za jiwe, na wengine hutoboa ndani. Kasi huwa kama milimita 1 kwa mwaka, mpaka siku kibaraza kinapozidiwa na uzito wake na kuanguka chote kwa mpigo. Usijenge ukingoni, wala usipumzike chini yake.

Sasa tuje kwenye fukwe za mchanga, ambako ndiko kwenye malalamiko mengi. Kati ya 1901 na 2018 wastani wa usawa wa bahari duniani ulipanda kama sentimita 20, na kati ya 2006 na 2018 kasi ilifika milimita 3.7 kwa mwaka. Kwa mtu aliyezoea bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, linalopanda na kushuka karibu mita 4, hizo ni tarakimu ndogo. Lakini ufukwe una mteremko mdogo sana. Kwa makadirio ya haraka, kila sentimita 10 za kupanda husogeza ukingo wa mchanga ndani mita 5 hadi 10. Makadirio hayo hayafai penye mwamba, wala penye mchanga unaopungua kwa sababu nyingine.

Na sababu nyingine zipo tele. Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, imepoteza ufukwe huku mchanga ukichimbwa kwenye mito ambayo ingeuleta baharini. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilipoteza miti yake, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilikuwa kimebaki fungu linaloonekana maji yakikupwa. Kusingizia bahari peke yake ni kukosea tiba.

Ukuta wa zege nao huleta shida yake. Wimbi likigonga ukuta wima hurudi na nguvu na kuchimba mchanga ulio mguuni, msingi unabaki wazi na ukuta unalala. Jirani aliye upande ambako mchanga huelekea hukosa mgawo wake. Kwa pwani ya Afrika Mashariki, wakati wa kusi, upepo utokao kusini, mchanga husukumwa kuelekea kaskazini, na wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, hurudi kusini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji, na upana huo si mwingi hata kidogo.

Mikoko hujitetea kwa kunasa tope na kuinua ardhi. Kati ya aina zake, mlilana hukaa mbele kabisa kuelekea bahari, mkandaa nyuma yake. Maji yakipanda, mistari hiyo husogea bara, ila nyuma pakiwa na mashamba ya chumvi au nyumba, mikoko hukosa pa kwenda.

Anayetaka kujua ufukwe wake unaelekea wapi achague alama isiyohama, kama kona ya jengo au nguzo ya zege iliyozikwa mita 1. Apime kwa futi kamba umbali hadi mstari wa juu wa takataka za mwani, siku ya bamvua, kila mwezi. Alinganishe Machi na Machi, Septemba na Septemba. Anayelinganisha kusi na kaskazi atadhani ufukwe unakufa, kumbe mchanga umehama msimu tu.